Kisu cha Mfukoni ni Mali, Lakini Historia Yake Yataka Kuandikwa

Mtu akiambiwa kwamba jirani yake hukusanya stempu za posta au sarafu za kale, hutabasamu akaendelea na shughuli zake. Akiambiwa kwamba jirani huyo hukusanya visu, kwanza hunyamaza. Katika nchi zetu za Maziwa Makuu kunyamaza huko kuna sababu zake, wala hapana haja ya kuzieleza kwa askari au kwa jamaa zao. Hata hivyo, ndugu msomaji, leo twataka kukizungumzia kisu cha namna nyingine: kile kidogo cha kukunja, kiingiacho mfukoni pamoja na leso na funguo, ambacho babu alikitumia kumenya chungwa na kuchongea kalamu za wajukuu. Kisu hicho, kikiwa kimetengenezwa na fundi wa kweli, ni mali. Wako watu duniani, na wako pia hapa Bujumbura, wanaovitafuta visu hivyo, wakavinunua, wakavitunza na kuvirithisha.

Sehemu za kisu cha kukunja cha jadi ni chache. Kuna ubapa, ndio chuma chenyewe chenye makali. Kuna mpini wenye mabamba mawili ya pembe, mfupa au mti. Na mgongoni mwa mpini kuna springi, yaani ufito wa chuma unaokandamiza kitako cha ubapa. Kisu hiki hakina kitasa cha kukifunga kikiwa wazi, wala hakifyatuki chenyewe kwa kubonyezwa; ubapa husimama kwa sababu springi imeubana, na hukunjwa kwa kuushinda mbano ule. Hapo ndipo fundi hodari na fundi mbabaishaji wanapotengana. Springi ikiwa legevu, ubapa hucheza na mwishowe humkata mwenyewe vidole. Ikiwa ngumu kupita kiasi, kucha huvunjika kabla kisu hakijafunguka. Kisu chema hufunguka kwa mwendo mmoja mlaini, kisha hutoa mlio mfupi mkavu, na kikifungwa hutoa mlio wa pili. Mkusanyaji mzoefu hukitambua kwa sikio kabla ya jicho. Baada ya hapo hukiinua dhidi ya mwanga wa dirisha, atazame kama kuna upenyo baina ya springi na mabamba. Ukionekana hata upenyo wa unywele, bei hushuka.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya Wazungu na hayatuhusu. Si kweli. Wahunzi wa Burundi, ambao kwa Kirundi huitwa abacuzi, walifua majembe, mikuki na visu tangu zama za wafalme. Visu vyao vilikuwa vya mpini uliosimama, visivyokunjwa. Na huyo aitwaye imbugita hadi leo hakosi katika jiko lolote. Kisu cha kukunja kilikuja baadaye, pamoja na mizigo ya wageni. Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, mwaka 1897. Mwaka 1901 wataalamu wa Ulaya walimpa okapi, yule mnyama wa msitu wa Ituri huko Kongo, jina lake la kisayansi. Na mwaka uliofuata, 1902, huko Ujerumani kulianza kutengenezwa kisu kilichoitwa Okapi, kwa nia ya kukiuza katika makoloni ya Ujerumani barani Afrika. Mpini wake ni wa mti, nao umepambwa kwa alama za mwezi na nyota. Kilikuwa kisu cha bei ya chini, cha mchukuzi, cha mvuvi, cha mchungaji wa ng'ombe. Ujerumani ilipoteza makoloni yake lakini kisu kilibaki, na mwaka 1988 utengenezaji wake ulihamia Afrika Kusini. Leo mkusanyaji akipata Okapi ya zamani iliyotoka Ujerumani, yenye chuma kisichochakaa, hufurahi kuliko aliyepata saa mpya. Kwa hiyo jina la mnyama wa majirani zetu limezunguka dunia likiwa ndani ya mifuko ya maskini.

Askari nao wana sehemu yao katika historia hii, tena sehemu kubwa. Karibu na mwaka 1890 jeshi la Uswisi lilipata bunduki mpya ambayo haikuweza kufunguliwa bila bisibisi. Wakuu wa jeshi wakaona ni heri kila askari apewe kisu kimoja cha kukunja chenye ubapa, bisibisi, kifungulio cha makopo na msumari wa kutobolea. Visu vya kwanza vilitengenezwa Solingen, Ujerumani, kwa sababu Uswisi haikuwa na kiwanda cha kuvitoa kwa wingi. Fundi mmoja, Karl Elsener, aliyekuwa amefungua karakana yake mwaka 1884 katika kijiji cha Ibach, hakupendezwa na jambo hilo. Mwaka 1891 alianza kulipelekea jeshi la nchi yake visu vilivyotengenezwa nyumbani. Mwaka 1897 akasajili kisu chepesi zaidi kwa ajili ya maofisa. Hicho jeshi halikukigawa, bali kila ofisa alijinunulia kwa fedha zake. Mama yake, Victoria, alipofariki mwaka 1909, Elsener aliipa kazi yake jina la mama. Na mwaka 1921 likaongezwa neno linalotaja chuma kisichoshika kutu, ndipo likapatikana jina Victorinox ambalo kila kituo cha polisi kinalifahamu. Mimi binafsi huviheshimu visu vile vya kale vya askari wa kawaida kuliko vile vyekundu vyenye vifaa ishirini. Chenye vifaa ishirini hujaza mfuko, na mwenyewe hutumia viwili tu.

Tukija kwenye visu vya bei kubwa hasa, miji ni michache. Sheffield huko Uingereza ndiyo iliyokuwa na sifa kuliko yote katika karne ya 19. Kampuni ya Joseph Rodgers, ambayo alama yake ni nyota na msalaba wa Malta, ilitengeneza mwaka 1822 kisu cha maonyesho chenye mabapa 1,822, ili tu kuonyesha uwezo wa mafundi wake. Fundi wa mwisho mwenye jina kubwa wa mji huo katika kazi ya mkono, Stan Shaw, alifariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 94, na wateja wake walikuwa tayari kusubiri miaka kwa kisu kimoja. Ufaransa kuna kisu cha Laguiole, kilichopewa jina la kijiji, chenye umbo la nyuki juu ya springi. Tahadhari: neno Laguiole peke yake si ushahidi wa ubora, maana hupigwa hata juu ya vyuma hafifu vitokavyo mbali sana na kijiji hicho. Opinel, iliyoanzishwa na Joseph Opinel huko Savoie mwaka 1890, ni ya mti wa kawaida na bei yake ni ndogo, lakini chuma chake ni cha kuaminika. Marekani nako, katika mji wa Titusville jimboni Pennsylvania, kampuni ya Great Eastern Cutlery imekuwa tangu mwaka 2006 ikitengeneza visu kwa mitindo ya zamani. Kisu chake kimoja huzidi dola mia moja kikiwa kipya, na aina nyingine hupanda bei mara tu zinapokwisha dukani.

Mzee mmoja wa Kibenga, karani mstaafu wa bandari, amevikusanya visu vya namna hii kwa zaidi ya miaka hamsini. Aliomba jina lake lisiandikwe, kwa maana sanduku la mali likijulikana hukaribisha wageni wasioalikwa. Alianza na Okapi aliyoachiwa na baba yake. Nyingine alizinunua kwa mabaharia wa meli za Ziwa Tanganyika, nyingine kwa walimu wa Kibelgiji waliokuwa wakifunga mizigo kurudi kwao, nyingine katika vibanda vya mitumba vya soko kuu la Bujumbura, kabla soko hilo halijateketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013. Mpwa wake, askari aliyetumikia Somalia, alimletea kimoja na akakosa kumletea cha pili: alikisahau ndani ya mkoba wa mkononi, kikabaki uwanjani mikononi mwa wakaguzi. Askari wanaosafiri wakumbuke kwamba kisu, hata kiwe kidogo namna gani, mahali pake ni katika mzigo unaokwenda chini ya ndege.

Kila kisu kilikuwa na nambari, na kila nambari ilikuwa na mstari wake katika daftari moja la shule: kimetoka kwa nani, lini, kwa bei gani, kina alama gani. Visu vilikuwa 41. Daftari lilikaa ndani ya sanduku lile lile.

Kibenga iko kusini mwa mji, upande wa barabara iendayo Rumonge, na ziwa li karibu. Mwaka 2021 maji ya Tanganyika yalipanda yakaingia katika nyumba za kando ya ziwa. Jamaa wa mzee walihamisha kwanza mchele, magodoro na vyeti vya watoto, na walifanya vyema. Sanduku la visu lililokuwa katika rafu ya chini likabaki majini siku mbili.

Aliyoyafanya mzee baada ya hapo yafaa kujulikana na kila nyumba yenye vyombo vya chuma. Hakuvianika visu juani, kwa sababu jua kali hupasua mipini ya pembe na mti. Alivifungua vyote, akavisuuza kwa maji safi ili kuondoa matope, akavipangusa, akaviacha wazi kivulini mahali penye upepo. Kisha akatia mafuta ya cherehani tone moja moja kwenye msumari wa maungio, akifungua na kufunga hadi mafuta yaliyotoka yawe meupe bila wekundu. Kutu nyekundu aliisugua kwa kitambaa chenye mafuta na kwa sufi laini ya chuma, msasa hakuugusa. Ule weusi wa kijivu unaoupata ubapa wa chuma cha kaboni kwa kukata ndimu, embe au mukeke, aliuacha. Wasiojua huufuta wakidhani ni uchafu, kumbe ni ngozi inayozuia kutu, na mkusanyaji hulipia zaidi kisu ambacho ngozi hiyo haijachunwa. Visu 31 vilipona kabisa, sita vikabaki na makovu, na vinne vilikufa kwa kuvunjika springi.

Kwa hiyo vilibaki 37. Daftari halikupona. Wino ulikuwa umeyeyuka, na kurasa zilikuwa zimeshikamana kama chapati.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo ilipo hasara yenyewe. Kisu kisichojulikana kilikotoka bado hukata, lakini mnunuzi hukilipia bei ya chuma. Mzee aliweza kukumbuka habari za visu vingi, si vyote. Vingine vilijieleza vyenyewe. Kampuni ya Case ya Bradford, Pennsylvania, iliweka mwaka 1970 vitone kumi chini ya alama yake kwenye kitako cha ubapa, ikawa inaondoa kitone kimoja kila mwaka. Mzee ana kisu cha vitone saba, basi yaelekea ni cha mwaka 1973. Lakini visu vingi havikuachiwa ufunguo wa namna hiyo. Kuna kimoja chenye maneno yaliyofutika nusu, ambacho kingeweza kuwa cha Gembloux, mji wa mafundi wa visu huko Ubelgiji, au kingeweza kuwa cha mwigaji. Daftari lingalikuwapo, swali lisingalikuwapo.

Kisu cha thamani kuliko vyote katika sanduku hilo ni cha Rodgers wa Sheffield, chenye mabapa mawili na mpini wa pembe ya ndovu uliogeuka rangi ya siagi. Mgeni mmoja aliyekiona alitaja bei ambayo ingalilipa karo ya wajukuu wawili kwa mwaka mzima. Mzee alikataa. Mwanawe wa kwanza alikasirika, akamwambia mbele yangu: "Baba, watoto watasoma kwa pembe iliyolala sandukuni?" Mwana huyo si mtu mbaya. Ana watoto wanne na mshahara mmoja, na swali lake ni la haki.

Jibu la mzee lilihusu pembe, halikuhusu mapenzi yake kwa kisu. Katika karne ya 19 pembe za ndovu ziliondoka katika nchi zetu mabegani mwa wapagazi, zikapita Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo na Unguja, zikavuka bahari; na sehemu yake iligeuka mipini katika karakana za Sheffield. Bujumbura yenyewe ilikuja kupata jina baya katika biashara hiyo. Burundi haina makundi ya ndovu, na bado mwaka 1986 ilisajiliwa hapa akiba ya karibu tani 90 za pembe, zilizotoka katika nchi za jirani. Mwaka 1988 Burundi ilijiunga na mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ujulikanao kwa jina la CITES. Mwaka 1989 nchi wanachama, zilipokutana Lausanne, Uswisi, ziliamua kuipiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, na marufuku ikaanza kutumika mwaka 1990. Mpini wa kisu ni pembe vile vile, hata uwe mdogo na mzee. Kuutia mkobani ukavuka mpaka bila karatasi za serikali ni kosa, na anayekamatwa huenda asiwe mgeni aliyelipa, bali kijana aliyepewa mfuko auvushe. Mzee alimwambia mwanawe: "Mwanangu, nisikuachie kesi ukadhani nimekuachia urithi." Binti wa mwisho wa mzee ni askari polisi, alikuwapo, na hakusema neno, lakini alitikisa kichwa kukubali.

Mnunuzi na muuzaji wote wawili wajue kuitofautisha pembe ya ndovu na mfupa, kwa sababu walaghai huuza mfupa kwa jina la pembe, na wenye hofu huuza pembe kwa jina la mfupa. Tazama mwisho wa bamba, pale lilipokatwa. Pembe ya ndovu huonyesha mistari myembamba inayopishana kama nyavu. Mfupa huonyesha vitundu vidogo vyeusi, njia za damu ya mnyama alipokuwa hai. Iko pia seluloidi, plastiki ya zamani iliyoigiza vyote viwili, nayo ni adui wa siri: inapozeeka hutoa hewa kali inayokula chuma cha visu vilivyo jirani, tena hushika moto upesi. Kisu chenye mpini huo kitengwe, kisifungiwe katika kisanduku kimoja na wenzake. Vivyo hivyo kisu chochote kisihifadhiwe muda mrefu ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunywa unyevu, na kando ya ziwa unyevu haupungui.

Kuhusu kunoa, nitasema machache. Jiwe la umeme linalozunguka lipashapo moto ncha ya ubapa hadi ikawa ya buluu, ugumu wa chuma umekwisha, na kisu cha dola mia kimekuwa cha kupakia siagi. Kinoo cha kawaida na maji, kwa uvumilivu wa nusu saa, vyatosha. Na watoto wafundishwe mapema kwamba kisu cha kukunja hupokezanwa kikiwa kimefungwa.

Katika nyumba ile ya Kibenga mapatano yalipatikana mwezi uliofuata. Mzee alikubali kuuza visu vitano vya mfupa na mti, vile vilivyokuwa na wenzake wanaofanana navyo, na fedha zikaenda shuleni. Cha Rodgers kitabaki nyumbani, hakitauzwa wala kusafirishwa, na jambo hilo litaandikwa. Visu 32 vilivyosalia havitagawanywa kimoja kimoja mpaka daftari jipya likamilike. Maana ndugu wakigawana kabla ya kujua, mmoja hupewa cha vitone saba na mwingine hupewa chuma, kisha kila mmoja humdhania mwenziwe amedanganya.

Daftari hilo jipya anaandika binti polisi, jioni akitoka kazini, mzee akiwa amekaa pembeni na miwani yake. Kila kisu kinapimwa kwa rula, kinapigwa picha kwa simu kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa, alama ya kitako ikionekana vizuri. Nakala moja ya daftari itakaa nyumbani, ya pili kwa dada yao anayeishi Gitega, mbali na maji. Nilipowatembelea mara ya mwisho walikuwa wamefika nambari 29. Vilivyobaki ni vitatu, na mzee hakumbuki vilitoka kwa nani. Kimoja walikipeleka Buyenzi kwa fundi mzee, ambaye alikigeuza mara mbili, akakifungua, akasema bamba la pembe ya ng'ombe alilitia yeye mwenyewe, na ile misumari ya shaba aliipiga yeye. Alikumbuka hata aliyekileta: baharia wa Kigoma, aliyekuwa na haraka kwa sababu meli ilikuwa ikiondoka jioni ile. Binti akaandika hivyo hivyo.